Kumwambia Papa Aachilie Usukani

Nimerudisha ufunguo wa kabati, casque ya masikio na kile kitabu kinene cha ndege ambacho miaka yote nilikibeba kama mutu wa kanisa. Sasa niko kwetu Cimpunda. Magoti yananiuma wakati wa mvua, na mvua ya Bukavu munaijua, haina likizo. Nyinyi vijana wa uwanja wa ndege wa Kavumu munanipigia simu kila juma: "Maman Nsimire, tuandikie namna ya kupita egzame ya instructeur." Haya basi. Vyeo nitaviruka juu ya vile munavijua, na mushahara nitauruka juu ungewachekesha bure. Nitawaandikia egzame yangu mimi, ile ya vitendo, ya kupewa ruhusa ya kufundisha wengine kurusha ndege. Na nitawaandikia juu ya mwalimu wangu, Commandant Ramazani, juu siwezi kusema moja nikaacha ingine.

Sikuanza na ndege, nilianza na mizani. Kampuni moja ndogo yenye kupeleka watu Shabunda na vijiji vya msitu ilinipa kazi ya kupima abiria na mizigo. Hakuna mutu anayesema kweli mbele ya mizani. Mama anapanda peke yake, mwembamba kabisa, halafu kwenye mulango wa ndege mutoto anatokea mugongoni na kuku wawili ndani ya kitenge. Baba anavua viatu ili apimwe, kumbe mifuko ya koti imejaa misumari ya kujengea. Nikajifunza kupapasa makoti. Waliniita "douane", mutu wa forodha, na sikuona mubaya.

Siku moja muchuuzi mumoja wa mafuta ya mawese alitaka bidon yake ya sita ipande. Nilisema hapana. Akapiga kelele, akataja ndugu zake wakubwa mumoja mumoja, mwishowe akasema mwite pilote. Pilote akatoka: muzee mufupi, kofia nyeupe ya Kiislamu juu ya kichwa, thermos ya chai chini ya kwapa. Huyo njo alikuwa Commandant Ramazani. Akasoma karatasi yangu, akamwangalia muchuuzi.

"Ule binti amesha sema hapana," akasema. "Mimi niseme nini tena?"

Ndege ilipoenda na kurudi, alikuja kunitafuta pale kwenye mizani.

"Uliogopa?"

"Sana, Papa."

"Mbona haukumuachia?"

"Si mimi nilisema hapana, Papa. Ni mizani ilisema. Mimi nilisoma tu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Kuya kesho saa kumi na mbili. Nitakuonyesha mizani ingine." Njo vile nilipanda ndege mara ya kwanza bila kupima mutu.

Ramazani alizaliwa Uvira, jamaa ya wachuuzi wa vitambaa, wenye babu waliotoka pwani zamani. Duka lilikuwa linamungojea tangu anazaliwa, naye alilikimbia akaenda kuruka. Baba yake alimwambia atakufa maskini, na kwa hilo muzee hakukosea sana. Alikuwa mukali mpaka anachosha. Ukisahau kitu kimoja kwenye orodha ya kukagua ndege, anakurudisha mwanzo, na ukianza kununa anakupa chai ya tangawizi yenye kuchoma koo ili usiweze kunung'unika. Mimi, binti wa muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wa soko la Kadutu, mutu yule alinifundisha kurusha ndege kama vile ilikuwa jambo la kawaida. Hakuna siku aliniambia "weye ni mwanamuke lakini unaweza". Aliniambia tu, "Pua yako iko juu, shusha."

Miaka ikaenda. Nilibeba chumvi, wagonjwa, watawa, mbuzi, na mara moja harusi nzima pamoja na keki. Ramazani alikuwa amefungua shule ndogo pale Kavumu pamoja na directeur mumoja muvumilivu. Shule ilikuwa na ndege mbili: moja ya kuruka, ya pili ya kutolewa vipande ili ya kwanza iendelee kuruka. Wanafunzi walikuwa wane. Kati yao alikuwemo kijana wa Mumosho, Aganze, mutoto wa walimaji, aliyekuja na barua ya padiri wake na viatu vya kuazima. Instructeur alikuwa mumoja tu, Ramazani mwenyewe.

Siku moja aliniita akaniambia, "Nikianguka leo, shule inafungwa na batoto banarudi kwao. Inaomba mutu wa pili. Ni weye."

"Papa, mimi najua kurusha. Kufundisha sijui."

"Njo juu ya ile kuko egzame."

Hapo kazi ikaanza. Muandike hii: kiti cha kuume kinageuza mutu kuwa kilema. Miaka yote mukono wangu wa kushoto ulishika usukani na wa kuume ukashika moteri. Instructeur anaketi kuume, kila kitu kinageuka, na saa zote za ndege, zile za kuonyesha mwendo na kimo, unazisoma kwa kuchungulia pembeni kama mutu anayesoma gazeti ya jirani. Ili nizoeze mikono nilianza kusonga bugali kwa mukono wa kushoto. Mama yangu alikula siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne akauliza kama kwenye ndege vilevile kuna madonge.

Mama njo alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza. Egzame inaanza chini: unasimama mbele ya ubao mweusi na unafundisha somo kama vile inspecteur, yule mwenye kukupima, hajui kitu. Sikuwa na ubao, nilichora na chaki kwenye mulango wa jikoni. Mama alikuwa anachambua sambaza, mimi namweleza kwa nini bawa linabebwa na hewa, kwa nini likiinuka sana linaachwa, na pua, na mwendo, na uzito. Nikamaliza, nikafuta jasho, nikamwuliza kama amefahamu.

"Umesema vitu saba," akasema. "Nimeshika viwili. Bile bitano, umemwanga chini."

Kesho yake nilisema viwili. Mpaka leo sijaona kitabu cha kufundisha kilichonifaa kuliko neno lile. Nimewaona wengi wenu mukitaka kumwonyesha inspecteur kila kitu munachokijua. Inspecteur anajua kwamba munajua. Anataka kuona kama mutoto wa watu atafahamu.

Na kitu kingine, juu wageni wanakisahau kila mara. Kavumu iko juu, hewa ni nyepesi. Kabla ya kuruka mufundishe mwanafunzi kuvuta kidogo kile kifungo chekundu cha mafuta, moteri ipumue. Ramazani alinipiga vidole na kalamu mara tatu kwa kukisahau. Mara ya nne sikusahau.

Lakini kilema changu kikubwa hakikuwa mukono. Kilikuwa heshima.

Angani, inspecteur anaketi kushoto anajifanya mwanafunzi. Anafanya makosa kwa kusudi. Weye unatakiwa kumwacha akosee kidogo, juu asipokosea hatajifunza, na unaongea naye akirekebisha. Lakini kosa likifika mahali pa hatari unasema maneno mane ya Kifaransa: *À moi les commandes.* Usukani ni wangu. Yeye anaachilia, weye unachukua. Maneno mane tu, hakuna ingine mbele wala nyuma. Sasa jaribuni kumwambia vile muzee wa umri wa baba yenu, aliyewalisha, ndani ya kasanduku ambamo mabega yenu yanagusana. Sisi kwetu, muzee akikosea njia, unamwuliza kama hajachoka. Humwambii amepotea.

Mara ya kwanza tulipojaribu, Ramazani aliinua pua ya ndege juu ya ziwa, akaiinua tena, mwendo ukaanza kuisha. Mimi nikafungua mudomo.

"Papa, samahani kidogo..."

Ile kengele ya kuonya kwamba bawa linataka kuachwa na hewa ikaanza kulia.

"...kama hautaona mubaya, naona sawa vile pua imepanda, sijui kama weye vilevile..."

Ndege ikatikisika. Ramazani akasukuma usukani mwenyewe, tukashuka, tukapata mwendo. Akageuka akaniangalia.

"Nsimire! Mpaka umalize kunipa heshima yote ile, tuko ndani ya Kivu na sambaza za mama yako!"

Kesho yake alikuja amevaa shati nyeupe ya masomo, fupi mikononi, na kikapu cha daftari begani. Watu wa mizigo walikuwa wanaanguka kwa kicheko.

"Leo hakuna Papa hapa," akasema. "Mimi niko petit Rama. Nimetoka ku Cimpunda, sijui kitu, na maman yangu amenipiga asubui."

Angani alikuwa mwanafunzi mubaya kuliko wote niliowahi kuwaona mpaka leo, na nimewaona. Alilia kwa sauti ya kitoto. Aliuliza kama tunafika saa ngapi. Aliachilia usukani ajikune. Nilicheka mpaka machozi, na kicheko kilinisaidia: siku ya nne nikaweza kusema kwa sauti, "À moi les commandes, petit Rama!", naye akainua mikono yote miwili kama mutu aliyekamatwa sokoni na ndizi ya wenyewe. Tulikuwa na furaha sana wakati ule. Nasema wazi, zilikuwa siku nzuri za kazi yangu yote.

Inspecteur alikuwa atoke Kinshasa. Tulimungojea miezi saba, na mwishowe siku ikapangwa. Ilibaki siku kumi na moja.

Asubuhi ile tulienda kufanya zoezi la kutua. Ukungu ulikuwa umekwisha, jua linapiga ziwa na ziwa linalirudisha machoni. Ramazani alikuwa kushoto, mimi kuume. Tukageuka kuelekea piste, ile barabara ya kutulia ndege, naye akaipanga ndege vizuri kabisa, lakini na mufereji. Piste ilikuwa kuume kwetu, sisi tunashuka kwenye mustari wa mufereji na majani.

Nilifikiri, haya, petit Rama ameanza. Nikamwacha akosee kidogo, sawa na vitabu vinavyosema.

"Angalia piste yako," nikasema.

"Naiona."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hakukuwa na kilio cha kitoto ndani. Ilikuwa sauti ya Commandant Ramazani, imetulia kabisa, ile ile aliyonifundisha nayo miaka yote.

"Piste iko wapi, Papa?"

"Si njo hii mbele yetu?"

"À moi les commandes!"

Hakuinua mikono. Vidole vyake vilibaki vimeshika, nikavuta juu ya nguvu zake, nikasukuma moteri mpaka mwisho, na majani yakapita chini yetu karibu sana hata niliona mbuzi akikimbia. Tulizunguka. Nikatua mimi. Nikazima moteri.

"Bien," akasema. "Njo vile. Umechukua kwa wakati."

Alikuwa anataka niamini kwamba alikuwa anaigiza. Na mimi, niwaambie ukweli, nilitaka kuamini. Tuliingia ofisini, nikafungua kitabu changu cha saa za ndege, nikamwonyesha na kidole mahali pa kusaini. Alisaini vizuri, herufi zake nzuri za siku zote. Lakini kwenye mustari wa chini, mustari wa kesho, ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Niliangalia saini ile na mambo mengine yakaanza kuja yenyewe. Tangu muda murefu alikuwa ananipa karatasi ya hali ya hewa akisema, "Nisomee meteo, ni zoezi." Alikuwa anasalimia watu baada ya kusikia sauti yao. Kwenye ubao wa shule kulikuwa kumeandikwa programme ya kesho: saa moja na nusu, Ramazani na Aganze, zoezi la kutua. Aganze alikuwa na saa tisa tu za kuruka. Mutoto mwenye saa tisa, akiambiwa na Commandant kwamba piste iko mbele, ataamini Commandant.

Sasa musikilize vizuri, juu hapa njo pana kazi yote. Karatasi ya kunipeleka kwenye egzame ilihitaji saini ya instructeur mwenye licence nzima, ile ruhusa ya kuruka. Nikimsema Ramazani, licence inaondoka. Licence ikiondoka, hakuna saini, hakuna egzame, hakuna instructeur hata mumoja, na shule inafungwa. Nikinyamaza, kesho asubuhi Aganze anapanda naye.

Nilienda kwake Nyawera, baada ya sala ya alasiri. Bibi yake, Maman Zaina, alileta chai na mikate ya mafuta. Tuliongea mvua. Tuliongea barabara ya Miti ilivyoharibika. Tuliongea mvua tena. Chai yangu ilipoa. Mwishowe niliweka kikombe chini.

"Papa, asubui haukuwa unaigiza."

"Nilikuwa naigiza."

"Hapana, Papa. Haukuona piste."

"Jua ilikuwa mu macho."

"Na mu macho yangu vilevile ilikuwemo. Mimi niliiona."

Akaanza kusema polepole, na hiyo ilinitisha kuliko kelele.

"Nimetua pale tangu haujazaliwa. Egzame yako iko mu siku kumi na moja. Unajua?"

"Najua."

"Na unataka kufanya nini?"

"Nataka weye mwenyewe uambie directeur leo kwamba kesho hauruke na Aganze. Kama haumwambii, mimi nitamwambia."

Muzee alisimama. Alitafuta mukono wa kiti mara mbili ndipo akaupata.

"Ni mimi nilikutoa ku mizani," akasema. "Toka mu nyumba yangu."

Nilitoka. Nilikuwa nalia kama mutoto aliyefukuzwa na baba yake, na kweli njo vile ilikuwa. Kwenye portail, mulango wa ua, nilisikia sandali nyuma yangu. Ilikuwa Maman Zaina, na kitambaa cha jikoni mukononi.

"Mwanangu," akasema, "anamwanga chai inje ya kikombe tangu Ramazani iliyopita." Alisema mwezi wa kufunga, akacheka kidogo juu ya jina, kisha akaacha kucheka. "Mimi nafuta meza, nanyamaza. Nilisema ni bwana yangu, nitasema nini? Enda umwambie directeur. Enda mbio, kabla sijabadilisha roho."

Nilienda. Directeur alinisikiliza, akatoa miwani, akaikalia bila kujua. Kesho Aganze hakuruka. Munganga wa macho alimwangalia Ramazani, akasema ni presha ya macho, ile inayokula pembeni kwanza mpaka inafika katikati, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Licence ikaondoka. Inspecteur akaandikiwa asije. Aganze na wenzake watatu walichukua virago wakarudi kwao, na yeye mwenyewe alikuja kuniuliza, kwa heshima, nilifanya vile kwa sababu gani. Nilimweleza. Aliinama, akasema "Aksanti, Maman", lakini niliona haikumwingia. Alikuwa na miaka ishirini na viatu vilikuwa vimekwisha kurudishwa kwa mwenyewe.

Pale kwenye uwanja walisema nilitaka kiti cha muzee. Mutu mumoja wa mizigo, ambaye nilikuwa nampa chai kila siku, alisema mbele yangu kwamba siku hizi hata batoto banazika baba zao wangali wazima. Nilimpigia Ramazani simu kila Ijumaa baada ya sala, ikalia mpaka ikanyamaza yenyewe. Mwaka mumoja na zaidi. Wakati ule niliendelea kupeleka chumvi Shabunda, na sitaki kuwadanganya, kuna siku nilijuta. Nilijiambia ningengoja siku kumi na moja tu. Halafu nilikutana na Aganze barabarani, mubebaji wa mifuko ya saruji, muzima, vumbi mpaka kwenye kope, na sikujuta tena mpaka juma lililofuata.

Directeur hakuacha. Alitafuta instructeur mumoja wa Goma, akakubali kuruka nami siku chache na kusaini. Inspecteur akapangwa upya. Alikuwa mutu munene, mupole, mwenye sauti ya padiri. Asubuhi nilimfundisha ubaoni, vitu viwili tu. Angani alikuwa mwanafunzi mwenye kujua kuharibu: alisahau kile kifungo chekundu, akageuka bila kuangalia, na mara ya kwanza ya kutua aliniachia mimi nionyeshe. Mara ya pili alishika yeye, akaikata moteri mapema mno, akatupiga chini kidogo, nikamsaidia kwa maneno tu juu haikuwa hatari. Mara ya tatu aliinua pua karibu na ardhi, mwendo unaisha, anaangalia mbele kama vile anangoja basi.

"À moi les commandes."

Akaachilia. Nikasukuma moteri, tukapanda. Ndege ilipotulia akasema, "Madame, haukuniomba ruhusa."

"Hapana, Monsieur l'Inspecteur."

"Wengi bananiomba," akasema, akaandika kitu.

Ofisini alinipa karatasi ya ruhusa niijaze. Pale penye kuuliza nani alinitayarisha, niliandika jina la yule instructeur wa Goma juu sheria ilitaka vile, na pembeni yake nikaandika Ramazani. Inspecteur aliliangalia jina lile muda murefu. Kisha akachukua kalamu, akasaini chini ya majina yote mawili.

Nilipotoka inje, karibu na ua wa waya, Maman Zaina alikuwa amesimama, na Ramazani ameshika mukono wake. Kofia nyeupe, shati safi. Nilikaribia mpaka hatua tatu. Aliniangalia usoni moja kwa moja, na hakunijua. Pale njo nilifahamu kwamba macho yalikuwa yamekwisha.

"Ni mimi, Papa."

"Nimesikia viatu." Akageuza sikio upande wa ndege. "Ile kutua ya pili, ilikuwa ya nani?"

"Ya inspecteur."

"Nilijua. Weye haupigi batu matako vile."

Maman Zaina akacheka, mimi sikuweza. Ramazani akaachilia mukono wake, akasogea mwenyewe.

"Nilikukasirikia, Nsimire. Nilimukataza Zaina kutaja jina yako mu nyumba. Halafu siku moja nilikuwa nabeba mutoto wa binti yangu, sikuona ngazi, tukaanguka sisi wawili. Mutoto hakuumia. Alicheka ata, alifikiri ni muchezo. Mimi nikabaki nimeikala pale chini, nikawaza Aganze."

Nilitaka kumwambia pole, nilitaka kumwambia kwamba nilimukosa kila siku. Nikalia tu mbele ya watu wote, na uniforme yangu mupya.

Aganze alikuwa amekwisha fika. Directeur alikuwa amemwita tangu asubuhi bila kuniambia, na sasa alikuwa amesimama karibu na ndege, saruji bado kwenye kucha, anazunguka anaikagua kama alivyofundishwa. Somo langu la kwanza. Directeur aliniangalia, akamwangalia muzee, akasema ndege ina viti vine, na kukaa nyuma kusikiliza hakuna sheria inayokataza.

Tukaenda, mimi na muzee, mpaka kwa Aganze. Mukono wa Ramazani ulipata ncha ya bawa, ukalifuata polepole mpaka ndani, ukashuka kwenye mulango wa kuume, mulango wa instructeur, aliopandia miaka yote. Akafungua bila kutafuta. Akaweka muguu juu ya kipandio. Aganze aliacha kukagua, akaniangalia. Watu wa mizigo waliacha kushusha.

"Papa," nikasema, "kile ni kiti yangu. Weye unaikala nyuma."

Alisimama vile, muguu mumoja juu, mumoja chini. Kisha akashusha muguu, akavua kofia isigonge mulango, akangoja. Nikasukuma kiti changu mbele, nikashika kiwiko chake, akainama akapita nyuma. Nikamufunga mukanda mimi mwenyewe, nikaukaza.

Akapapasa mpaka akapata bega langu, akalisukuma mbele.

"Sasa fundisha," akasema.